Mtafute aliyeshika peji, usimkamate aliyeanguka nayo

Jina la programu linaloandikwa kwenye ujumbe wa ajali mara nyingi si jina la mkosaji. Naanza na hilo kwa sababu kila kundi la vijana wa field linaloingia ofisini kwetu hapa Njiro hujikwaa palepale. Kerneli (kiini cha Linux) inatema "BUG: Bad page state in process sshd", sshd ikiwa programu ya kuingilia seva kwa mbali, na chai haijapoa mtu ameshafungua msimbo wa sshd. Chalii mmoja aliniuliza, uso mkavu kabisa: "Dada, kwani sshd nayo inaandika moja kwa moja kwenye diski?" Haiandiki. Iliomba peji ya kumbukumbu, ikapewa ambayo hesabu yake ilishavurugwa na mwingine, na ukaguzi ukaikuta mkononi mwake. Aliyevuruga alimaliza shughuli zake kitambo, akaondoka bila kuacha hata mstari mmoja kwenye logi.

Kwa wanaoanza, mambo yako hivi. Kwenye mashine za kawaida za x86-64 peji ni baiti 4096, na kila peji ina rekodi yake ndogo inayoielezea, struct page, ambayo kwa kawaida ni baiti 64. Humo ndani kuna namba inayoitwa _refcount. Anayetaka peji isiondoke anaongeza moja kwa get_page, akimaliza anapunguza moja kwa put_page. Ikifika sifuri, peji inarudi kwenye ghala la kugawiwa wengine. Ni kama nyumba ya wapangaji pale Sakina: wa mwisho kutoka ndiye anafunga geti. Mmoja akihesabiwa ametoka mara mbili, geti linafungwa na mwenzake bado yuko bafuni.

Tabaka la hifadhi linasumbua kuliko sehemu nyingine kwa sababu peji moja inashikwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Ikiwa ni peji ya faili, akiba ya faili inashika moja, kila jedwali la peji (ramani ya kumbukumbu ya programu) lililoiunganisha linashika moja, na mfumo wa faili ukiitundikia data zake za ziada kwa kawaida nao unashika moja. Juu ya hao kuna wapita njia: msimbo unaotafuta peji bila kufunga kufuli huongeza moja, unaangalia, unapunguza, unaenda zake. Ndiyo maana sharti la aina ya "ikiwa hesabu ni 2 basi endelea" halifai kuandikwa kwenye draiva, yaani msimbo unaoendesha kifaa. Litapita majaribio yote mezani kwako, kisha litaanguka kwa mteja siku seva ina kazi nyingi.

Sasa tuje kwenye sehemu inayokula muda wetu mwingi. Programu ikifungua faili kwa O_DIRECT, data haipiti kwenye akiba. Diski inasoma au kuandika moja kwa moja kwenye peji za programu yenyewe. Kerneli inazishika peji hizo, inazipanga ndani ya bio (muundo unaobeba ombi la diski) kama orodha ya vipande, kila kipande kikiwa na peji, urefu na mahali pa kuanzia, kisha inaipeleka bio kwa draiva. Kwa miaka mingi kushika huko kulifanywa kwa get_user_pages, kunaongeza moja tu, na hakuna aliyeweza kutofautisha mtu anayeitazama peji na diski inayoimwagia data. Kutoka Linux 5.6, mwaka 2020, ikaja pin_user_pages. Hii kwa peji ndogo haiongezi moja, inaongeza 1024. Anayeiona namba kubwa hivyo anajua kuwa huenda kuna kifaa kinaigusa peji. Nimesema huenda, kwa kuwa peji yenye marejeo ya kawaida zaidi ya elfu itaonekana vilevile, na hata kazi inayokagua jambo hilo imepewa jina lenye "maybe" ndani yake.

Hapo ndipo uzuri ulipo kwa mtu anayedibagi: namba yenyewe inakusimulia kosa. Chukua peji ya kawaida ya programu, hesabu yake 1 kwa sababu imeunganishwa kwenye jedwali moja. Inapiniwa: 1025. Kazi ya diski inaisha, na msimbo uliozoea mambo ya zamani unaiachia kwa put_page badala ya unpin_user_page: 1024. Programu inafungwa, muunganiko unakatika: 1023. Inakwama hapo milele. Ukifungua drgn, chombo cha kuchungulia ndani ya kerneli, ukakuta peji isiyo ya mtu yeyote ina

refcount:1023 mapcount:0

(mapcount ni idadi ya majedwali yaliyoiunganisha) basi huna haja ya kubahatisha. Mtu alipini akaachia kwa mlango mwingine. Kinyume chake nacho kina alama yake: aliyeshika kwa get akaachia kwa unpin anaiacha peji kwenye hasi 1022. Na ukiona hasi 1, kama kwenye ile peji iliyoangukia sshd, hapo kuna put_page moja iliyozidi, aina haikuchanganywa. Angalizo: peji kubwa zilizoungwa pamoja zina kihesabio chao cha pini kando, pincount, kwa hiyo hesabu hii ya 1024 usiipeleke huko.

Kabla ya kufungua chombo chochote kizito, tazama /proc/vmstat, faili ya takwimu za kumbukumbu. Kuna mistari miwili, nr_foll_pin_acquired na nr_foll_pin_released. Mashine ikiwa imetulia, namba hizo zinatakiwa zilingane. Ya kwanza ikizidi kupanda kila ukiendesha fio (programu ya kuipa diski mzigo) na ya pili inabaki nyuma, umepata uvujaji kwa gharama ya amri moja ya grep. Nashangaa watu wanavyokimbilia kmemleak, kitafutaji cha uvujaji kilichomo kwenye kerneli, wakati yenyewe haifuatilii peji zinazoombwa moja kwa moja kutoka kwa mgawaji. Itakuambia kila kitu ni salama, na kwa upande wake inasema kweli.

Tangu Linux 6.3 kuna jambo jingine la kuangalia. Kazi ya iov_iter_extract_pages inapini peji zikitoka kwa programu, lakini zikitoka ndani ya kerneli yenyewe haizishiki kabisa, si kwa pini wala kwa rejeo; aliyezileta ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha zinabaki. Kwa hiyo bio mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kudai matendo mawili tofauti mwishoni. Bendera ya BIO_PAGE_PINNED ndiyo inayokumbuka. Draiva inayonakili bio au kuikata vipande bila kufikiria bendera hiyo itaachia kitu ambacho haikukishika. Ukisoma msimbo wa namna hii, swali la kwanza lisiwe "inaachiwa wapi". Uliza peji ilipatikana kwa njia gani, kisha ufuate bendera hadi mwisho.

Njia ya mafanikio karibu kila mara iko sawa, maana aliyeandika aliijaribu. Hitilafu hujificha kwenye njia za kushindwa. pin_user_pages inaweza kurudisha peji chache kuliko ulizoomba. Uliomba 16, umepewa 9, na sasa unatakiwa kuachia 9, si 16, si sifuri. Msimbo mwingi unakagua tu kama jibu ni hasi. Ombi la diski nalo linaweza kurudi na kosa katikati, vipande vingine vimeshaandikwa na vingine bado. Hali hizi hazitakuja zenyewe kwenye diski nzima, lazima uzilazimishe: dm-flakey inakupa diski inayoshindwa kwa vipindi, dm-error inakataa kila kitu, na kerneli iliyojengwa na fail_make_request inaangusha maombi kwa bahati nasibu unayoipanga wewe. Ukikabidhi draiva ambayo haijapitishwa kwenye hizo, mimi sitaisoma, na nadhani wengi ofisini wameshalizoea hilo.

Kuhusu vyombo, jenga kerneli ya majaribio yenye CONFIG_DEBUG_VM, CONFIG_PAGE_OWNER na CONFIG_DEBUG_PAGE_REF. Ya kwanza inakufanya uanguke karibu na kosa badala ya kuanguka saa moja baadaye. Ya pili, ukiiwasha kwa page_owner=on, inakuonyesha nani aliiomba peji. Ya tatu ndiyo dhahabu: kila ongezeko na punguzo la hesabu linakuwa tukio unaloweza kulirekodi pamoja na mlolongo wa kazi zilizoitana. Tatizo ni kwamba yanakuja mafuriko, mashine inakuwa nzito na kosa lenyewe linaweza kupotea. Chuja kwa namba ya peji. Programu yako ya majaribio ishike kumbukumbu yake mapema, iandike kitu humo, isome /proc/self/pagemap ikiwa na haki za root ili ijue namba za peji zake, kisha uweke kichujio cha pfn (ndiyo hiyo namba ya peji) kabla ya kuanzisha kazi ya diski. Badala ya logi isiyosomeka unabaki na ukurasa mmoja: huyu ameongeza, huyu ameongeza, huyu amepunguza, na huyu wa mwisho amepunguza asichoongeza.

Fanya yote hayo ndani ya QEMU (mashine ya kuigiza), na koni ya seria, pale ujumbe wa kerneli unapotokea, iandikwe kwenye faili ya mashine nyingine yenye UPS. Umeme wetu tunaujua.

Usikubali kiraka (badiliko la msimbo) cha kuongeza get_page ili ujumbe unyamaze. Nimewahi kuletewa msimbo wa mkandarasi uliokuwa na get_page katikati ya njia ya kukamilisha ombi, na maelezo ya mstari mmoja: "inazuia kuanguka". Ni kweli ilizuia. Seva ikawa inapoteza kumbukumbu taratibu, na kwa kuwa peji hizo hazikuonekana kwenye hesabu za kumbukumbu kama slab wala AnonPages, wenye seva walikuwa wanaiwasha upya kila Jumapili na kuiita matengenezo. Isitoshe, rejeo linalovuja si uchafu tu. Udhaifu wa usalama uliosajiliwa kama CVE-2019-11487 ulitokana na hesabu ya _refcount kuweza kupandishwa hadi ifurike kwenye mashine yenye takribani GiB 140 za RAM. Namba ikizunguka na kurudi sifuri, peji inaachiwa ikiwa bado inatumika, na hapo unazungumzia usalama.

Kwenye maelezo ya kiraka nataka mistari miwili kabla ya mengine yote: nani anashika na kwa kazi gani, nani anaachia na kwa kazi gani. Ikiwa diski imeandika kwenye peji ya programu, ongeza nani anaiwekea alama kuwa imechafuka kabla ya kuiachia, maana peji iliyosahauliwa hapo itapoteza data bila ujumbe wowote.

Kwa wiki ya kwanza soma Documentation/core-api/pin_user_pages.rst. Ni fupi, ina kesi tano, na ya kwanza ndiyo hii yetu ya O_DIRECT. Ukiimaliza fungua mm/gup.c na block/bio.c, ukianza na __bio_release_pages, kisha njoo na maswali. Asubuhi ni bora zaidi, mchana huwa niko Moshi kwa mteja.