Masta ya sayansi ya menejimenti: soma mtaala, jina lisikudanganye

Mkuu, umesema umetoka shahada ya biashara, una nafasi tatu mkononi, mbili za sayansi ya menejimenti na moja ya utafiti wa operesheni, na hii ya mwisho unataka kuitupa kwa sababu "ni ya watu wa hesabu". Usiitupe kwanza.

Mimi nilitoka biashara kama wewe. Niliposikia menejimenti nikajua ni uongozi na mikakati. Wiki ya kwanza mhadhiri akajaza ubao matrisi, nami kalkulasi nilikuwa nimeiaga zamani. Rafiki yangu mhandisi alijiunga chuo kingine, shahada ya jina lile lile, akakuta insha za uongozi na mijadala ya visa vya kampuni. Kila mmoja alipata alichokitaka mwenzake! Mimi nilikesha na vitabu vya takwimu muhula mzima, yeye aliacha.

Mkorogo huu una historia. Fani hii ya kutumia hesabu kufanya maamuzi ilikua wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanasayansi kama Patrick Blackett walipokuwa wakilipigia jeshi la Uingereza hesabu za mambo kama ukubwa wa misafara ya meli. Mwaka 1947 George Dantzig akaja na mbinu ya simpleksi, ya kutafuta mgawanyo bora wa rasilimali zenye kikomo. Kule Marekani vikaundwa vyama viwili, cha utafiti wa operesheni 1952 na cha sayansi ya menejimenti 1953, vikaja kuungana 1995 kuwa chama kimoja, INFORMS. Kwa hiyo hayo majina mawili ni ndugu wa tumbo moja. Chuo kikuu cha Stanford, Marekani, wameiweka fani hii kwenye uhandisi, cha Lancaster, Uingereza, kwenye shule ya menejimenti, na ladha hubadilika kulingana na jirani.

Fungua orodha ya kozi za lazima. Ukikuta uwezekano, uboreshaji wa maamuzi kwa hesabu na uigaji wa mifumo kwa kompyuta, hiyo ndiyo yenyewe. Zikiwa za hiari, ujue ni MBA, yaani masta ya kawaida ya biashara, iliyovaa koti la maabara. Si dhambi, ila ujue unanunua nini. Omba na mitihani iliyopita. Mtihani hauna maneno ya matangazo.

Halafu tasnifu. Hapa ndipo nilipoumia. Msimamizi wangu alikwenda likizo ya utafiti muhula ule ule nilioanza kuandika, na miezi mitano ikayeyuka. Uliza mapema nani atakuwepo, na kama wanafunzi hupewa data za taasisi halisi. Yangu ilihusu foleni za wagonjwa kliniki. Nusu ya muda niliumaliza kusafisha rekodi: mgonjwa kaondoka kabla hajafika, saa zimeandikwa kinyume. Nililalamika sana, lakini kwenye usaili wa kazi waliniuliza habari hiyo tu. Simpleksi hakuna aliyeigusa.

Ada naiacha, umesema mwajiri analipa.

Kwa ulivyoeleza, ile programu yako ya pili ina kozi moja tu ya hesabu, tena ya hiari. Ningeanza kuikata hiyo. Ile ya operesheni waandikie uwaulize kama wana darasa la maandalizi ya hesabu kabla ya muhula. Wakikujibu wanalo, rudi hapa tuzungumze.