Udi ukubwani, uanze na nyimbo gani?

Waalaikumsalaam yakhe. Nimekufahamu, ushapita miaka 50, udi umenunua, ile ala ya nyuzi si wa kufukiza, na alokufundisha kakutupia bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab, siku ya mwanzo, sasa waona vidole vizito. Vidole havina kosa, bashraf si ya kuanzia, iwache kwanza.

Chukua nyimbo unazozijua kwa ghibu, za kuchezea utotoni, za kubembelezea mtoto, au kipande cha kasida ulokizoea chuoni, maana udi hauna vigawanyo shingoni kama gita, sikio ndo linokwambia hapa umekosea, sasa wimbo usoujua utajisahihisha vipi? Uimbe kwanza bila ya ala. Ukiona sauti zake ni tano sita tu na haurukiruki, huo unafaa, upige polepole, risha, yaani kile cha kupigia nyuzi, ishuke chini tu, kupandisha baadae.

Ya taarab chukua kiitikio peke yake. Madoido ya wakongwe yatakuvunja moyo bure.

Ila mkono ukifa ganzi, au kiwiko kikiuma hata ukipumzika, muone daktari usijitie ushujaa. Na ukiwepo Unguja pitia chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, japo masomo mawili matatu wakuweke mkao sawa.