Barua kwa mwanangu: mgeni alikuta nini Lualaba?

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia Jumapili niliisikiliza mara mbili. Mwenzako wa chuo huko Liège amekwambia sisi Waluba wa Kongo hatukuwa na utawala mpaka mgeni alipotuletea, tena eti tunasimulia hivyo wenyewe. Unauliza: baba, ni kweli?

Kusimulia, tunasimulia. Marehemu babu yako kule Bukama hakuichoka hadithi hiyo. Nkongolo, mfalme mwekundu, alikuwa akila mbele za watu na kucheka kinywa wazi. Akaja Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, mtu wa adabu, akila hujificha. Akaoa dada wa Nkongolo, akaenda zake, nyuma akazaliwa Kalala Ilunga. Kijana alipomzidi mjomba wake ushujaa, Nkongolo alichimba shimo, akasimika mikuki ndani, akatandika mkeka juu, akamwita aje acheze. Mpiga ngoma akamwonya kwa midundo. (Hapo babu lazima agonge meza.) Kalala akakimbilia ng'ambo ya mto Lualaba, akarudi na jeshi, akamuua mjomba, akawa Mulopwe, yaani mfalme wetu.

Sasa yaulize makaburi. Kando ya Ziwa Kisale, huko huko Lualaba, mahali paitwapo Sanga, wataalamu walifukua mwaka 1957 na 1958, na wengine wakaendelea baadaye. Watu wa karne ya 11 hadi ya 13 walizikwa na vyungu vizuri ajabu, mapambo ya shaba, hata kauri za Bahari ya Hindi. Kisale hakuna shaba, mwanangu. Ilitoka huku kusini, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Waliilipia nini? Mimi nasema samaki mkavu. Shaba ilitengenezwa pia misalaba; karne zilivyosonga, misalaba hiyo ikazidi kuwa midogo, ikafanana vipimo, maiti akazikwa nayo tele: ilikuwa pesa.

Kaburi moja ni la kale zaidi, kati ya karne ya 8 na ya 10. Aliyelazwa humo ana shoka lenye mpini uliopigiliwa misumari, na fuawe karibu na kichwa. Shoka la namna hiyo ni la wakubwa hadi leo, na Mulopwe alipotawazwa, kulikuwa na tendo la kupiga fuawe. Huyo marehemu hakumngoja Mbidi Kiluwe.

Basi hadithi ni uongo? Sisemi hivyo. Nadhani ukoo uliotawala ulipenda kujulikana kuwa umetoka mbali, maana mtu wa mbali hana deni kwa ukoo wowote wa hapa. Jirani zetu Walunda nao wana mwindaji wao, Chibinda Ilunga aliyemwoa Ruwej, na wanasema alitoka kwetu! Mgeni ambaye hana ubishi ni Msiri, wa Unyamwezi, aliyejenga Bunkeya katika karne ya 19. Naye aliikuta shaba ikichimbwa.

Mama yako anauliza kama wale samaki wa Kisale aliokufungia walipita uwanja wa ndege.

Baba yako,
Lubumbashi