Koa Wanamaliza Miche Yangu

SWALI: Nimepanda saladi na sukumawiki nyuma ya nyumba. Tangu masika yaanze, kila asubuhi nakuta miche imetafunwa na juu ya udongo kuna ute unaong'aa. Nimemwaga majivu, nikamwaga na chumvi, bado wapo. Nifanyeje? (Msomaji, Lushoto)

JIBU: Ute huo ni wa koa, yule konokono asiye na gamba. Chumvi iache leo hii. Inabaki ardhini na kuunguza mizizi. Majivu husaidia yakiwa makavu tu. Yakishalowa, koa anapita juu yake bila shida. Na maganda ya mayai usihangaike nayo: Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, iliyajaribu kwenye saladi mwaka 2018, na miche iliyozungushiwa ikaliwa sawa na ile isiyozungushiwa.

Anza na maji. Koa hutembea usiku, na ukimwagilia jioni umemlainishia njia. Mwagilia asubuhi. Matandazo yasogeze sentimita 10 kutoka kwenye shina mpaka miche ikomae kidogo, kwa sababu mchana ndimo anamojificha.

Kisha watege. Jioni laza kipande cha ubao kwenye tuta, ukiinue kwa vijiwe vya sentimita 2. Alfajiri kigeuze: utawakuta wamegandamana upande wa chini, wamejikunja kama vipande vya ini. Vaa glavu, waokote, watumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Fanya hivyo kila siku kwa wiki 2 bila kuruka. Ukipalilia ukaona vijiyai vyeupe vilivyoshikana kama shanga, viponde papo hapo.

Kopo lenye bia nalo linanasa. Lifukie, mdomo ubaki sentimita 2 juu ya udongo, wasije wakatumbukia mbawakawa wa ardhini ambao wanakula koa. Badala ya bia, koroga glasi 2 za maji, kijiko cha sukari na nusu kijiko cha hamira. Badilisha kila baada ya siku 2 au 3. Wengi hufukia kopo moja kwa bustani nzima, na harufu haifiki mbali. Weka moja kila mita moja.

Ukilazimika kununua dawa, chagua yenye fosfeti ya chuma. Yenye metaldehidi huua mbwa na kuku.

Saladi ioshe jani moja moja kwa maji yanayotiririka, maana koa hubeba minyoo inayodhuru watu.