Kwa mnaoanza utafiti wa ugumba huku kusini: mwanaume apimwe, na apimwe vizuri

Wadogo zangu mnaokuja Mtwara na Lindi kufanya utafiti wa mambo ya uzazi, karibuni sana. Naandika haya kabla hamjaprinti fomu zenu, maana mimi nilijifunza nikiwa tayari nimeshaanza kazi na kuna mtu aliumia hapo katikati.

Vibali napita haraka. Kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, barua ya mkoa, barua ya halmashauri, alafu mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti msimruke. Anzeni mapema sana. Basi.

Sasa kazi yenyewe. Ukishafungua kliniki, iwe hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda, watakaokuja ni kina mama. Wiki nzima unapokea wanawake tu, kila mmoja na bahasha yake ya karatasi za ultrasaundi za miaka na miaka, kashakunywa dawa za kuzibua mirija kutoka kwa kila aliyemwambia anazo, ukimuuliza mume naye kashapima anainamisha kichwa. Na mwanaume anahusika karibu nusu ya kesi za ugumba, peke yake au pamoja na mke, kwa hiyo ukikusanya wanawake peke yao umepata nusu ya utafiti na hiyo nusu inamsingizia mwanamke.

Mwaka wangu wa kwanza, kwenye kituo kimoja sikitaji, tulimpa mama mmoja kikopo cha manii ampelekee mumewe. Siku ya kukirudisha akatoka kijiji cha ndani huko Tandahimba, bodaboda mpaka barabarani, basi mpaka mjini, kikopo kakifunga kwenye pindo la khanga kiunoni, kafika kakaa foleni kama wenzake. Saa nne na nusu fundi wa maabara akaweka tone kwenye slaidi akatazama akaandika: hakuna mbegu inayotembea. Mimi nikasaini. Sikuuliza imetolewa saa ngapi. Ilitolewa saa kumi alfajiri.

Mwongozo wa WHO wa kupima manii, toleo la 6 la 2021, unataka upimaji uanze kama dakika 30 baada ya kutolewa, isizidi saa 1. Ile ilikuwa na saa sita na nusu. Mbegu zikikaa hivyo zinapoteza mwendo hata zingekuwa za mwanaume mzima kabisa. Na karatasi yetu ilishafika nyumbani, na huku kwa Wamakonde na Wamakua mjomba wa mke ana sauti kubwa kwenye ndoa, akaitisha kikao, ndoa ya miaka sita ikajadiliwa mkekani kwa sababu ya kosa letu.

Kwa hiyo tafuteni chumba karibu na maabara, hata stoo ikisafishwa inatosha, muhimu kitasa kifungwe kwa ndani, maji na sabuni viwepo, na asiwepo mtu wa kugonga mlango. Kwenye kikopo andikeni saa ya kutoa na kwenye daftari saa ya kupima, zikipishana zaidi ya saa moja usijaze mwendo wa mbegu, mwite tena. Muulizeni kakaa siku ngapi bila tendo, inatakiwa 2 mpaka 7. Iliyokingwa kwenye kondomu ya kawaida msiipokee. Na jibu moja baya sio jibu, rudieni.

Kurudia nako kuna hesabu yake. Mbegu inatengenezwa kwa siku kama 74, na homa kali, malaria kwa mfano, inaweza kuzishusha kwa miezi miwili mitatu, kwa hiyo aliyetoka kuumwa unampa miezi mitatu. Ukianza naye Julai anatakiwa arudi Oktoba, na Oktoba yuko mikoroshoni, hatoki huko hata umpigie simu mara kumi! Pangeni ratiba mkiwa na msimu wa korosho mezani, mimi nilipoteza washiriki wengi hivyo.

Maneno pia. Msimwambie mtu tasa wala mgumba hata kama ndivyo fomu inavyosema, ulizeni mnatafuta mtoto kwa muda gani, ikifika miezi 12 bila kinga anaingia. Na msiishie kwenye "una watoto wangapi", atasema sina, wakati aliwahi kushika mimba mbili zikatoka, ukaandika hajawahi kabisa na uchambuzi wote ukaharibika. Ulizeni mimba, kila mimba, taratibu, mume akiwa nje.

Na huku kuna kichocho cha mkojo. Muulize mama kama utotoni aliwahi kukojoa damu, wengi walikua wakiona ni kawaida. Kichocho kinaacha madoa kama punje za mchanga kwenye mlango wa kizazi na kinahusishwa na ugumba, lakini dalili zake zinafanana na magonjwa ya zinaa hivyo anatibiwa zinaa miaka na mume anamshuku bure. Kwa wanaume ulizeni busha, kwa faragha na aulize mwanaume mwenzake, wengi wanaficha mpaka tendo lenyewe linakuwa shida.

Yule mume tulimfuata kijijini, mimi na nesi wa kiume. Tulimuomba radhi mbele ya mkewe, akanyamaza muda mrefu, alafu akauliza basi ni saa ngapi. Wakaja wote wawili wakalala mjini, asubuhi akatolea sampuli pale pale. Zinazotembea zilikuwa zaidi ya nusu, wakati kiwango cha chini ni 42%. Mkewe picha ya mirija ilikuwa bado. Jamaa akaisoma karatasi, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, akafika mlangoni akarudi, akaomba nakala ya pili ampelekee mjomba. Tukamtolea fotokopi.