Alichanjwa kwao, ila sindano bado anahitaji

Kaka, huyo mgeni wako aliyeng'atwa na mbwa pale stendi ya Moshi lazima akachomwe sindano hata kama alichanjwa kichaa cha mbwa kwao kabla hajaja, ila yeye ni sindano mbili tu, moja leo nyingine baada ya siku 3. Ambaye hajawahi kuchanjwa ndo anaanza dozi nzima, na kidonda kikitoa damu anahitaji na ile dawa ya kinga inayodungwa palepale kwenye jeraha, ambayo kuipata huku ni kazi kwelikweli. Mi natembeza wageni mlimani na kwenye kozi ya huduma ya kwanza hili walitukazania sana. Na kabla hata ya kutafuta bodaboda ya hospitali aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, asipake vitu vya kienyeji. Msimsubirie mbwa aonekane mgonjwa, anaambukiza siku kadhaa akiwa bado mzima kabisa, na huu ugonjwa dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona, kwa hiyo tafadhali mpeleke leo leo, akisema ni mkwaruzo tu usimsikilize.