Jibu: Bega bado linauma baada ya kushonwa labramu

Pole sana, ndugu. Umesema ulishonwa labramu (ukingo wa gegedu unaozunguka tundu la kiungo cha bega) mwaka jana, bado bega linakuuma usiku, na daktari anataka kurudia upasuaji. Usikubali haraka. Kwanza ijulikane maumivu yanatoka wapi. Muulize kuhusu MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) ya kuchomwa dawa ndani ya kiungo, maana ile ya kawaida huweza kuchanganya kovu na mchaniko mpya. Aikague pia kano ya baisepsi (msuli wa mbele ya mkono wa juu), inayoshikana na labramu kwa juu. Mara nyingi ndiyo inayouma. Sasa bana kiwiko ubavuni, mtu auzungushe mkono wako kwa nje polepole. Mkono ukigoma kuzunguka, huenda bega limekakamaa, na hapo fiziotherapia (tiba ya mazoezi) ndiyo ya kuanzia. Usiku lala chali, mto chini ya kiwiko.